Bahasha Mbili za Maombi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza ya msimu imetukuta mimi na Twiga mbele ya ubao wa matangazo wa chuo cha ufundi. Tulimaliza masomo tangu Novemba, lakini kila Jumatatu tunapita pale kama watu waliosahau kitu. Leo tumekikuta. Karakana kubwa ya barabara ya viwandani inatafuta mafundi wasaidizi wa magari, ngazi ya kuanza, nafasi tatu. Wanataka barua ya maombi, wasifu, nakala za vyeti na orodha ya kazi ulizofanya kwa mikono wakati wa mazoezi. Mwisho tarehe kumi na nne.

Twiga amelisoma tangazo kwa kuinama, maana ubao umewekwa kwa watu wa kimo cha kawaida. Ndiyo sababu chuo kizima kilimpa jina hilo. Akanigeukia: "Fundi, mbili ni zetu. Ya tatu wagawane wengine."

Nimecheka mpaka nyumbani. Mama ameniuliza nimeokota nini.

Jumatano, 5 Machi

Kuandika wasifu ni kazi ngumu kuliko kushusha injini. Injini inakuambia inapoumwa. Asubuhi nzima nimekaa kwenye meza ya jikoni: jina, tarehe ya kuzaliwa, shule, chuo. Nilipofika "sifa binafsi" nikakwama. Mchapakazi? Kwenye karatasi kila mtu ni mchapakazi. Mwisho nimeandika: "Nafika kazini mapema. Narudisha spana mahali pake."

Mama alisomea juu ya bega langu. "Hizo nazo ni sifa? Andika una adabu."

Mama bado anaamini magari ni homa itakayonitoka nikiolewa. Harusi yangu na Twiga ni mwezi wa saba, mvua zikishakata. Nimeandika nina adabu.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Nimepiga picha za pasipoti. Nimetoka kama mtu anayetafutwa.

Jumamosi, 8 Machi

Twiga amekuja na karatasi zake ndani ya mfuko wa nailoni. Huyu mtu akipewa kalamu anatembea kama yuko juu ya gogo lenye utelezi. Barua yake ilikuwa na ukurasa mzima wa "kwa heshima na taadhima" na kazi yenyewe bado haijatajwa. Nimemwandikia upya, mistari kumi na mbili, inatosha.

Kisha tukaja kwenye orodha za kazi. Yangu ina mistari kumi na saba. Yake minne: kubadilisha mafuta ya injini, kubadilisha plagi, kuziba pancha, kusafisha kichungi cha hewa.

Si kwamba ni mvivu. Miezi ile ya mazoezi mama yake alianguka akavunjika nyonga, na nyumbani hakuna mwingine. Twiga ndiye aliyembeba kumpeleka bafuni, akamfulia, akampikia uji akimlisha kwa kijiko. Gerejini alifika siku chache sana, za kuhesabu kwa vidole. Nilikwenda kuwaona nikamkuta anamchana mama yake nywele, ulimi umetoka nje kidogo kwa umakini, kama anayerekebisha kabureta. Nilimpendea pale. Chuoni nilikuwa namwona tu.

Leo ameziweka orodha mbili pamoja, akazitazama muda mrefu. "Watanicheka."

Naandika hapa wazi ili nisije siku moja nikajidanganya: hakuniomba. Mimi ndiye niliyesema, "Chukua moja ya kwangu."

"Ipi?"

"Gia boksi ya pikapu ya muuza mbao."

"Ile si ndiyo kazi yako kubwa kuliko zote?"

Ni kweli. Gia ya tatu ilikuwa inaruka. Niliishusha mwenyewe, nikaifungua, nikakuta beringi imekwisha na mafuta meusi kama lami. Nilikaa nayo siku tisa. Mwenye gereji alikuja kutazama mara mbili tu, akaondoka bila neno, na kwake hiyo ilikuwa sifa. Sasa gereji ile imefungwa na mwenyewe amehamia mbali, hapatikani.

"Tutasema tuliifanya pamoja," nikamwambia. "Wakiuliza, jibu liwe moja."

Akanishika mkono. "Pamoja."

Jumanne, 11 Machi

Tumekwenda kwa dada wa duka la kuchapa. Amechapa karatasi zangu, akachapa za Twiga, akasimamisha vidole.

"Hii gia boksi iko kwa wote wawili."

"Tuliifanya pamoja," nikasema.

Alinitazama juu ya miwani. "Basi niandike 'nilitengeneza' au 'tulitengeneza'?"

Twiga akanitazama mimi.

"Andika 'kutengeneza gia boksi'," nikasema. "Hapo hakuna haja ya kutaja nani."

Nilijiona mjanja sana.

Ijumaa, 14 Machi

Tumepeleka. Bahasha mbili za kaki, moja juu ya nyingine. Mlinzi wa getini amezigonga muhuri bila kututazama. Mvua imenyesha kutwa.

Alhamisi, 20 Machi

Hakuna simu.

Jumatatu, 24 Machi

Hakuna simu. Barabara ya nyuma imejaa maji, mama wa jirani anapita na viatu mkononi.

Jumatano, 2 Aprili

Wamepiga! Kwake saa nne kasoro, kwangu saa nne na robo. Usaili ni Jumatano ijayo, yeye saa tatu, mimi saa nne. Mama amepiga vigelegele, halafu akakumbuka ni vya nini, akaviacha katikati.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimemfundisha Twiga gia boksi kwa kutumia mifuniko ya masufuria ya Mama. Huu mkubwa ni gia ya kwanza, huu wa kati, huu mdogo. Tumeizungusha mezani, nimemwonyesha inavyoshikana, inavyoachia, na kwa nini ya tatu ilikuwa inaruka. Ana akili nyepesi. Mara ya tatu alinieleza mimi, bila kukosea, hata ile beringi na rangi ya mafuta. Alieleza vizuri kuliko mimi, maana mimi nikieleza naruka vipande ninavyovijua sana.

Mama ametuuliza tunapika nini. Twiga akamjibu, "Maisha, mama." Mama alicheka mpaka akajifuta macho na khanga.

Jumatano, 9 Aprili

Nitaandika taratibu, yote.

Twiga aliingia saa tatu. Nilimnyooshea shati mwenyewe jana. Nikabaki kwenye benchi la nje nikisikiliza mvua juu ya bati na injini fulani ndani ya karakana iliyokuwa inakosa mlipuko mmoja. Nilitamani kuinuka nikawaambie ni plagi. Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alitabasamu, akaniambia, "Kawaida tu." Nikaitwa.

Walikuwa wawili. Mama mmoja wa makamo mwenye ovaroli safi, ndiye msimamizi wa karakana, na bwana wa ofisini aliyekuwa anaandika. Yule mama aliniuliza chuo, akaniuliza jinsi ya kukagua breki, nikajibu. Alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Akafungua orodha yangu, kidole kikasimama.

"Hii gia boksi ya pikapu. Ulifanya mwenyewe?"

"Tulifanya pamoja na mwenzangu."

Akamtazama yule bwana. Kisha akanirudia. "Mwenzako ametoka hapa sasa hivi. Ametueleza kazi hiyo vizuri sana, kipande kwa kipande. Tukamuuliza, mbona na wewe umeiandika? Amesema aliifanya peke yake. Wewe ulikuwa unamshikia taa."

Nilisikia maneno yote. Yaliingia moja moja.

Ningeweza kusema. Gia boksi ile naijua kama droo ya nguo zangu. Wangeniletea yoyote mezani ningeifungua mbele yao. Lakini nikamfikiria yuko nje kwenye benchi, na lile shati. Nikisema ukweli, amekosa kazi. Nikafikiria pia: labda wamemwelewa vibaya, labda kuna maelezo. Mdomo wangu ukafunguka ukasema, "Kama amesema hivyo, basi ni hivyo."

Yule mama akavua miwani. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Binti, nafasi hii ni ya mtu anayeanza. Hatukuhitaji gia boksi. Ungeandika unajua kubadilisha plagi tu, tungekuchukua. Mikono tunafundisha wenyewe. Lakini kusema ukweli, hilo hatuna pa kukufundishia."

Nikamshukuru. Nina adabu.

Nje Twiga alisimama. "Vipi?"

"Vizuri."

"Na mimi vizuri."

Tulikuwa na mwavuli mmoja. Aliuelekeza wote upande wangu mpaka bega lake likalowa, kama anavyofanya siku zote. Nilikuwa nalitazama lile bega njia nzima.

Alhamisi, 10 Aprili

Hajasema.

Ijumaa, 11 Aprili

Amekuja jioni, amekunywa chai, amerekebisha bawaba ya mlango wa Mama. Mama amemwita mwanangu mara nne. Hajasema.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua kubwa. Hajasema. Nimempa nafasi. Nimemuuliza, "Kule usailini hawakukubana?" Akasema, "Kidogo," akauliza kama kuna sukari.

Jumanne, 15 Aprili

Hajasema.

Alhamisi, 17 Aprili

Majina yamebandikwa getini. Lake ni la pili. Langu halipo. Alinikumbatia mbele ya watu, akalia, akasema, "Si haki, Fundi, si haki kabisa." Machozi yalikuwa ya kweli. Hilo ndilo siwezi kulielewa. Nililisikia lile chozi shingoni, la moto.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimemwambia mimi. Tulikuwa jikoni, Mama amekwenda sokoni.

"Waliniambia nilikuwa nakushikia taa."

Alikaa chini. Hakukana, nampa hilo. Alitazama mikono yake.

"Nilibanwa," akasema. "Waliuliza ghafla. Niliona nikisema pamoja, watauliza nani alifanya nini, na mimi nitaumbuka. Neno likatoka. Lilipotoka sikujua jinsi ya kulirudisha."

"Ulikuwa na siku kumi za kulirudisha."

"Nilidhani hukuambiwa. Nilidhani utapata tu, wewe unajua zaidi yangu. Ungekuwa wewe ungefanya nini?"

"Niliulizwa baada yako. Nilisema tulifanya pamoja."

Akafunika uso. Halafu akasema ataenda Jumatatu kwa yule msimamizi aeleze ukweli. Nikamwambia asiende. Mama yake bado anatembelea fimbo, nyumba ile inamtegemea yeye. Nikasema, ulibanwa, mtu akibanwa anatoa sauti ambayo si yake. Basi yameisha.

Aliniuliza, "Yameisha kweli?"

Nikasema ndiyo. Na nilitaka yawe.

Ijumaa, 25 Aprili

Ameanza kazi. Amenipitia akiwa na ovaroli mpya, fupi miguuni. Tumeicheka pamoja. Nimelala vizuri.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua. Nimepeleka maombi sehemu mbili, sijajibiwa. Mama anasema labda ni dalili nipumzike nijiandae na harusi.

Jumamosi, 3 Mei

Leo mama yake Twiga amekuja, peke yake, kwa miguu, na fimbo yake. Nilishtuka, mvua ilikuwa haijakata vizuri. Nikamvua viatu, nikamletea taulo. Mama akaweka chai.

"Nimekuja kukushukuru mkwe wangu," akasema. "Nimekaa nikaona haifai kushukuru kwa simu."

"Kwa lipi, mama?"

Akanishika mikono yote miwili. Mikono yake ina joto sana. "Kijana wangu amenieleza yote. Jinsi alivyokuwa ananihudumia mimi mchana, halafu anakimbia gerejini kutengeneza ile gia boksi, siku tisa, kachoka hoi. Na wewe unakaa naye, unamshikia taa. Akaniambia, mama, asingekuwa yule kunishikia taa nisingeweza. Nikalia, mwanangu. Nikasema huyo ndiye mke."

Mama yangu akaniangalia. Mama si fundi, lakini siku zile tisa nguo zangu alizifua yeye. Mafuta yale meusi aliyasugua kwa mikono yake akinung'unika.

Alifungua mdomo. Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

"Alijitahidi sana," nikasema. "Ni kijana mzuri."

Mama yake Twiga alikuwa anang'aa. Mwaka mzima amejiona mzigo, amejiona yeye ndiye aliyemharibia mwanawe masomo, na sasa kumbe hakumharibia kitu. Ningemnyang'anyaje hilo? Nilimsindikiza hadi kona, polepole, nimemshika kiwiko. Alinionyesha shimo la maji nisije nikalikanyaga.

Kwenye usaili alibanwa, hilo nililimeza. Lakini nyumbani kwao nani alimbana? Hakuna aliyemuuliza. Alikaa na mama yake jioni, mlango umefungwa, kila kitu kiko salama, akalitoa lile neno tena, na safari hii akalipamba. Siku tisa zangu. Hata uchovu wangu ameuchukua.

Jumapili, 4 Mei

Nimemwambia siwezi kuolewa naye.

Tulisimama chini ya kibaraza cha duka la kuchapa, lilikuwa limefungwa. Alidhani ni juu ya kazi. Nikamweleza habari ya mama yake. Akasema, "Nilitaka tu afurahi."

"Najua. Amefurahi sana."

"Basi nitamwambia ukweli, leo hii."

"Usithubutu," nikasema. "Hilo ukalibebe wewe. Asilibebe yeye."

Akasema nimemsamehe kubwa, nashindwaje kusamehe dogo. Nikamjibu kwamba lile la kwanza lilimponyoka, hili alikaa akalitunga. Akalia. Mimi pia nililia, sijui kwa nini watu wanaandika kwamba mwanamke alisimama imara. Sikusimama imara. Nilishika nguzo. Alipotaka kunipa mwavuli niliukataa, nikarudi nimelowa mpaka mfupani, na nusu ya njia nilikuwa nageuka kuona kama ananifuata.

Hakunifuata.

Jumatatu, 5 Mei

Sijatoka chumbani.

Jumanne, 6 Mei

Vivyo hivyo.

Ijumaa, 9 Mei

Nilimsubiri Mama aniambie nivumilie. Nilikuwa nimeandaa majibu. Hakusema. Asubuhi hii ameingia na wasifu wangu na kalamu, ameketi ukingoni mwa kitanda, akachora mstari juu ya neno "adabu", mstari mnene, mara mbili.

"Hii tuipunguze," akasema.

Kisha akaniuliza, kwa mara ya kwanza tangu nianze chuo, gia boksi ni kitu gani hasa na inafanya nini. Nikaanza kumweleza, nikashindwa katikati. Akasema hana haraka, ana siku nzima.

Jumatano, 14 Mei

Nimeandika barua tatu mpya. Kwa kila kazi nimeandika nilifanya nini, lini, na nani alikuwepo.

Jumatatu, 19 Mei

Hakuna simu. Jirani ameniuliza ukumbi wa harusi tumepata wapi.

Jumanne, 27 Mei

Usaili, karakana ya magari ya mizigo, nje kidogo ya mji. Msimamizi wao, mzee mfupi mwenye kikohozi, amesoma orodha yangu akasema, "Mbona ndefu hivi?" Nikamwambia achague mstari wowote aniulize. Alichagua minne. Nimepata, majaribio ya miezi mitatu. Niliposhuka ngazi nilitoa simu nimpigie mtu wa kwanza kumpigia siku zote. Kidole kilikuwa tayari kwenye jina lake. Nikampigia Mama.

Jumatatu, 2 Juni

Siku ya kwanza. Nimefagia, nimeosha vyuma kwa dizeli, nimepaka grisi. Mgongo unaniuma sana.

Jumapili, 8 Juni

Hakuna mvua wiki nzima. Mama amekunja kitambaa alichoninunulia cha gauni la harusi akakiweka juu ya kabati, nyuma kabisa. Alidhani nimelala.

Alhamisi, 12 Juni

Leo nimetumwa duka la vipuri. Nilikuwa kaunta nahesabu vichungi vya mafuta ndipo nikaona kivuli kirefu kinainama mlangoni. Sikuhitaji kugeuka. Amekonda. Ovaroli yake imepata madoa sasa, inaonekana ni yake.

"Habari ya kazi," akasema.

"Nzuri. Mama hajambo?"

"Hajambo. Ameacha fimbo."

Nilifurahi kweli. Yule muuza vipuri, mtu wa maneno mengi, akatutazama na ovaroli zetu. "Kumbe mnajuana?"

Nilikuwa natia sahihi. Nikasikia Twiga anavuta pumzi.

"Huyu ndiye fundi wa gia boksi," akasema. "Alifungua moja peke yake tukiwa bado chuoni. Mimi sikuwepo hata siku moja. Alinifundisha kwa mifuniko ya sufuria."

"Safi sana," muuza vipuri akasema, bila kuinua kichwa. "Wewe ulitaka plagi ngapi?"

Nilikuwa nimelisubiri neno lile tangu Aprili. Nililisubiri kila siku niliyoandika hajasema. Ningepewa wakati ule, ningempa kila kitu nilicho nacho. Leo limefika dukani, kati ya vichungi na plagi, mbele ya mtu asiyemjua yeyote kati yetu, na sikuwa na pa kuliweka. Na bado nampenda, ndilo balaa lenyewe. Nilitaka kumfuta doa la grisi pale shavuni.

Nikasema, "Asante." Nikabeba boksi langu, yeye akasogea mlangoni kunipisha. Nje kulikuwa na jua kali. Gari la kazini lilikuwa limewashwa, dereva akaniuliza kama nimepata kila kitu kilichoandikwa kwenye karatasi, nikamwambia ndiyo, vyote viko humu, twende.